Luftmentsh: mtu wa hewani katika picha za Marc Chagall

Chora mtu ambaye mkono wake mmoja ni mkono wa birika. Mswahili ataangua kicheko: huyo bahili. Asiyejua lugha atasema mchoraji alikuwa anaota. Picha za Marc Chagall, mchoraji Myahudi, zimekuwa zikisomwa hivyo hivyo miaka yote, na watu wasiojua Kiyidi.

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Luft ni hewa, mentsh ni mtu. Luftmentsh ni yule asiye na kazi ya kueleweka: leo dalali, kesho mchuuzi, keshokutwa anakopa. Anabangaiza tu, lakini si mvivu. Chini ya wafalme wa Urusi, Wayahudi walio wengi walilazimishwa kuishi katika majimbo ya magharibi pekee, na kupata ardhi kulibanwa na sheria. Mtu asiye na pa kukanyaga ataishi wapi kama si hewani?

Chagall alizaliwa mwaka 1887 huko Vitebsk, mji ulioko Belarus ya leo. Walizaliwa watoto tisa, yeye akiwa wa kwanza. Baba alikuwa kibarua kwa mfanyabiashara wa samaki wa heringi, mama ana kiduka cha vyakula. Watu wa hewani walikuwa majirani zake.

Tazama picha aliyoianza mwaka 1914, *Juu ya Vitebsk*. Mzee mwenye kofia, fimbo mkononi na gunia mgongoni, anapita angani juu ya mapaa yenye theluji. Kwa Kiyidi, ombaomba wa mlango kwa mlango husemwa kuwa "anapita juu ya nyumba". Chagall kauchora msemo kama ulivyo.

Kuna na ile aliyojichora yeye mwenyewe jijini Paris, 1912 hadi 1913, akiwa na vidole saba katika mkono wa kushoto. Hakukosea hesabu. Kwa Kiyidi, kufanya jambo "kwa vidole vyote saba" ni kulifanya kwa nguvu na ustadi wote ulio nao.

Ndiyo maana namwelewa alipochukia picha zake kuitwa njozi, na alipokataa kujiunga na wasanii wa Paris waliofanya ndoto kuwa itikadi yao.

Lakini misemo haifungui kila kitu. Katika *Siku ya Kuzaliwa* ya mwaka 1915, mwaka aliomwoa Bella Rosenfeld, bibi huyo ameshika maua, gauni lake jeusi, sakafu nyekundu. Chagall anaelea juu yake kwa shati la kijani, hana hata mikono, shingo imepinda nyuma kabisa ili midomo ikutane. Pale sioni msemo wowote. Naona mtu aliyefurahi mpaka shingo ikasahau mifupa.