Mvua ya kwanza na tope la Mto Mirongo

Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga Mwanza, Mto Mirongo hufurika mara moja, mweusi, umebeba chupa na majani. Utawasikia watu darajani wakisema mto umejisafisha. Sisi tunaopima maji huiogopa siku hiyo kuliko zote. Tangu Juni vumbi la barabara, oili ya gereji, maji ya betri na makapi ya rangi vimekuwa vikilundikana mitaroni. Mvua huvizoa kwa mkupuo mmoja, na ndani yake mna metali: risasi, zinki, shaba na kadmiamu.

Masika ikikolea, maji huwa mengi na vipimo hushuka. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Metali hizo haziozi wala hazichakai. Hung'ang'ania chembe laini za udongo, na mto unapopunguza kasi ukiingia ziwani, chembe hutuama. Kwa hiyo kuchota chupa moja ya maji mwezi Aprili na kutangaza kwamba mto ni salama ni sawa na kwenda sokoni usiku wa manane ukarudi kusema hakuna wafanyabiashara. Pima maji kiangazi na masika, na tope pia.

Tope lenyewe halitunzi siri milele. Wachimba mchanga wakilikoroga, au mafuriko, sehemu ya metali hurudi majini. Zebaki, inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita, ina hila zaidi: kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, aina yenye sumu kali, nayo hujilimbikiza kwa samaki. Sangara mkubwa, mla wenzake, hukusanya kuliko dagaa. Sisemi watu waache samaki. Mama mjamzito achague dagaa mara nyingi zaidi.

Swali ninaloulizwa kila mara: "Si nimeyachemsha?" Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, na klorini huviua vilevile. Risasi haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yale yaliyobaki huwa na risasi nyingi zaidi kwa kila lita. Ukomo wa risasi kwa maji ya kunywa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua.

Mchicha wa kando ya mto uoshwe vizuri, maana udongo ulioganda majanini huondoka. Kilichopanda kupitia mizizi hakioshwi. Na fundi mwenye betri zilizokufa asizipasue wala kumwaga maji yake mtaroni. Amuuzie mnunuzi wa betri chakavu zikiwa nzima, kabla ya Oktoba.