Kocha mweusi kanyimwa kazi chuoni Marekani? Angalia tarehe kwanza

Kila msimu wa futiboli ya vyuo Marekani (ile ya Kimarekani, siyo soka) ukiisha, makocha wanafukuzwa wengine wanaajiriwa, na sisi wa dawati la haki za kazi tunajaa meseji za ndugu walioko huko, swali ni lile lile, wachezaji weusi wamejaa uwanjani mbona makocha wakuu weusi ni wa kuhesabu na ile kanuni ya Rooney inafanya kazi gani.

Jamani, kanuni ya Rooney, ile ya kuita watu wa jamii za wachache kwenye usaili wa kocha mkuu, ni ya NFL, ligi ya kulipwa, tangu 2003, vyuo haiwahusu. Jimbo la Oregon ndo walitunga sheria inayofanana na hiyo 2009, kwa vyuo vyao vya umma tu, na inachotaka ni kwamba angalau mtu mmoja wa jamii za wachache mwenye sifa aitwe kwenye usaili, haisemi apewe kazi. Kwahiyo msiandike "wamevunja Rooney", mnaharibu malalamiko yenu wenyewe.

Tatizo lenyewe lipo na linauma. Kocha mkuu mweusi wa kwanza daraja la juu ni Willie Jeffries, chuo cha Wichita State, 1979. SEC, ligi kubwa ya vyuo vya kusini, walikaa mpaka mwisho wa 2003 ndo kocha wao mkuu mweusi wa kwanza, Sylvester Croom, akapewa Mississippi State. 2008 chuo cha Auburn, cha SEC pia, walimsaili Turner Gill, kocha mweusi ametoka kuipa Buffalo ubingwa wa ligi yake, wakamchukua Gene Chizik, mzungu aliyetoka Iowa State na ushindi 5, vipigo 19. Sisemi walivunja sheria, na ndio, Chizik alikuja kubeba ubingwa wa taifa 2010, lakini siku anaajiriwa nani alilijua hilo? Halafu kuna ngazi za chini, makocha weusi wengi wanapangiwa kufundisha wachezaji wanaokimbia na mpira au kusaka vijana wa kusajiliwa, wakati bodi zikitaka kocha mkuu zinapenda kumwangalia aliyepanga mashambulizi.

Sasa utaratibu. Chini ya Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini, huendi mahakamani moja kwa moja, unaanza kulalamika EEOC, tume ya serikali kuu ya Marekani ya usawa kazini, ndani ya siku 180 tangu tukio, au 300 kama jimbo lina chombo chake kinachosimamia sheria ya namna hiyo. Wikendi na sikukuu zinahesabiwa, ila siku ya mwisho ikiangukia humo unasogea mpaka siku ya kazi inayofuata. Kulalamika ndani ya chuo hakusimamishi hizo siku, hili watu hawataki kulisikia. EEOC wakikupa barua ya kuruhusiwa kushtaki una siku 90 za kwenda mahakamani. Mwajiri wa watu zaidi ya 500, fidia ya maumivu na ya adhabu kwa pamoja haizidi dola 300,000, mishahara uliyokosa ni hesabu nyingine, na chuo cha umma hakitozwi ile ya adhabu.

Tangazo la kazi, imeili, meseji, tarehe uliyoambiwa hapana, tunza vyote leo.