Maranda ya kijani yasiingie kwenye mboji

Wiki iliyopita mama mmoja hapa Mafinga aliniletea kiroba cha maranda kutoka kwa fundi seremala. "Mwanangu, nichanganye na samadi ya mbuzi?" Niliyamwaga juu ya turubai. Mengi yalikuwa meupe, yananukia paini. Humo humo kulikuwa na vipande vyenye ukingo wa kijani, na kimoja chenye rangi ya buluu inayobanduka. Nikamwambia asitumie hata konzi moja, wala asihangaike kuchambua, maana vumbi lilishachanganyika.

Ukijani ule ni alama ya dawa ya mchwa. Dawa iliyozoeleka kwenye nguzo na mbao za paa ina shaba, kromiamu na arseniki, ambayo ni sumu. Marekani watengenezaji waliacha kuitia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, kwa hofu ya hiyo arseniki.

Swali ninaloulizwa kila mara: si itaoza tu? Kuoza ni vijidudu kula kaboni. Arseniki ni elementi, hakuna kijidudu cha kuivunja ikaisha. Lundo likiiva hubaki kama nusu ya lilivyoanza, na arseniki karibu yote imo mle mle. Kwa hiyo kila kilo ya mboji hubeba sumu nyingi kuliko kilo ya taka ulizoweka. Madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi nyingi za zamani hufanya hivyo hivyo, kisha hung'ang'ania udongo wa juu, pale pale mtoto anapochezea na mchicha unaporukiwa matope mvua ikinyesha.

Kuchoma ni kubaya zaidi. Moshi hutoka na arseniki, na inayobaki hujikusanya kwenye majivu, ambayo watu huyamwaga bustanini.

Ukitaka kujua, kata kichwa cha ubao: dawa huingia kutokea nje, utaona mzingo wa kijani na katikati kweupe. Ila ubao uliopigwa jua miaka mingi hufifia ukawa kijivu kama mwingine wowote, ndiyo maana mbao za kubomolea nyumba mimi sizipokei. Plaiwudi pia nakataa, kwa sababu ya gundi.

Kiroba kile tulikifunga kiende dampo. Fundi amekubali kumwekea mama maranda ya siku anazoranda mbao zisizo na dawa, akiisha kufagia karakana kwanza. Atachanganya ndoo moja na ndoo tatu za samadi na majani mabichi, kwa kuwa maranda yana naitrojeni kidogo mno.