Kalipa ya nyuma haijafa, inataka kuzungushwa

"Imekufa hiyo, fundi. Nitafutie nyingine Kirinyaga Road." Wiki hii pekee nimeambiwa hivyo mara tatu, na kalipa mbili kati ya hizo tatu, yaani kile kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski ya breki, zilikuwa nzima kabisa. Hakuna neno linalowatoa watu pesa bure kwenye breki kuliko hili, kwamba pistoni ya nyuma ikikataa kurudi ndani wakati wa kuweka pedi mpya basi imekwama, na dawa yake ni nguvu.

Ukweli ni huu. Gari ambalo kebo ya handibreki inavuta kalipa yenyewe, kama Golf nyingi au Mazda Axela ya kwanza, pistoni yake ya nyuma hairudi kwa kusukumwa. Inarudi kwa kuzungushwa huku ikikandamizwa. Ndani yake mna skrubu nene na nati. Kadiri pedi zinavyolika, nati hiyo inasogea mbele kidogo kidogo ili handibreki isilegee, na imeundwa isirudi nyuma kwa kusukumwa. Ukiifungia klampu, yaani kibanio cha skrubu, na kuikaza, unagombana na meno ya hiyo skrubu, na meno ndiyo yatakayoshindwa.

Ile ya tatu ilikuwa ya mama mmoja wa Kasarani. Handibreki inapanda hadi juu na gari bado linateleza. Nilipofungua upande wa kushoto nikakuta alama ya mviringo ya klampu usoni mwa pistoni, mpira wa vumbi umepasuka, na hata nilipokandamiza na kuzungusha, pistoni ilizunguka pale pale isiingie hata milimita moja. Hiyo kweli ilikuwa imekufa, lakini aliyeiua ni mtu. Alilipia kubadilishiwa pedi, sasa analipia kalipa. Inaniuma sana, maana kuizungusha vizuri ni kazi ya dakika chache.

Kabla ya kushika chombo chochote, futa uso wa pistoni na uutazame. Ukiona mikato miwili au minne inayotazamana, hiyo inazungushwa. Achilia handibreki kabisa. Tumia kile kifaa chenye sahani ya vijino na skrubu ya kukandamizia, wala si koleo, kwa sababu koleo likiponyoka linachana mpira. Mara nyingi pistoni huingia kwa mwendo wa saa, ila kuna magari ambayo upande mmoja unakwenda kinyume, kwa hiyo ukiona inatoka badala ya kuingia, simama hapo hapo. Halafu jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: mgongoni mwa pedi ya ndani huwa kuna kichomozo kidogo, nacho lazima kikae ndani ya mkato wa pistoni. Kisipokaa, pedi inalala upande na kulika kama kabari.

Lakini msije mkazungusha kila gari. Prado, Mark X na Forester nyingi tunazoziona hapa zina viatu vidogo vya handibreki ndani ya diski, si kwenye kalipa. Pistoni zake husukumwa moja kwa moja, na hapo klampu ni halali.

Wapo pia wanaosema handibreki ya kitufe haina tofauti, zima tu gari usukume pistoni. Hapana! Passat tangu ile ya 2005 ina mota nyuma ya kalipa. Mota hiyo inarudishwa kwanza kwa mashine ya kusomea gari, ndipo pistoni isukumwe. Ukilazimisha, unavunja gia zake.

Kupaka oili ya injini ili pistoni iteleze? Kamwe. Mpira wa ndani hufura kwa oili hiyo, na kalipa unayoinusuru leo itakwama kweli kesho. Tumia mafuta safi ya breki.

Kuhusu kufungua skrubu ya kutolea hewa kila unaporudisha pistoni, si lazima. Mafuta ya breki yakiwa safi, rudisha polepole ukiangalia kopo lake lisifurike, kwa kuwa yakimwagika yanakula rangi ya gari. Yakiwa meusi, mimi hufungua na kuyatoa yote. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yastahimili nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinachokubalika ni 155. Ukiteremka mteremko mrefu wa Mai Mahiu na mzigo, tofauti hiyo utaisikia mguuni. Badilisheni kila miaka miwili, hata kama pedi bado ni nene.

Ukishafunga kila kitu, kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limezimwa hadi pedali iwe ngumu, ndipo uvute handibreki. Gari likitoka gereji bila hivyo, pedali inakanyagwa mara ya kwanza pale getini, na inashuka hadi chini.