PABX ya hoteli imezeeka? Usikubali kila unachoambiwa

Mwenye hoteli akinipigia kuhusu simu za vyumbani, mara nyingi ameshaambiwa kwamba mtambo umekufa na mafundi wake hawapo tena. Mimi ni fundi wa simu huku pwani, na inaniuma kuona PABX nzima, yaani mtambo wa hoteli unaounganisha simu za vyumbani na laini za nje, ikishushwa ukutani kwa kosa la waya.

"Kampuni imeacha kuzitengeneza, basi hakuna wa kukusaidia."

Nusu ya kwanza ni kweli. Nortel ya Kanada iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2009, na kitengo chake cha simu za maofisini kikachukuliwa na Avaya. Mitambo ya HiPath ya Siemens ilipita mikononi mwa Unify, ambayo tangu 2023 ni mali ya Mitel. Panasonic, ambayo modeli zake za KX-TES824 na KX-TDA ninakutana nazo kila mara, nayo imejitoa kwenye biashara hiyo. Ila vitabu vya maelekezo bado vipo, kadi zilizotumika (zile bao za ndani ya mtambo) zinauzwa, na mafundi waliozifunga bado wako kazini.

Kinachokwamisha msaada ni hoteli kutoujua mtambo wake yenyewe. Namuuliza meneja: modeli gani? Neno la siri la programu analo nani? Orodha ya ekstensheni, yaani namba za ndani za vyumba, iko wapi? Najibiwa kwamba alikuwa nayo fundi fulani, amehama. Kabla hujampigia mtu yeyote, piga picha ya lebo na ya kadi zote pamoja na taa zake (pawa saplai usiiguse), kisha andika ni vyumba vipi havina simu na tangu lini. Picha hizo zikinifikia kwa WhatsApp, mara nyingi najua kadi ya kubeba kabla sijatoka nyumbani.

"Simu ya chumba ikinyamaza, mtambo ndio mbovu."

Hapa ndipo pesa zinapoteketea. Kati ya PABX na kitanda cha mgeni kuna krone (kibao cha kuungia waya zinazotoka kwenye mtambo), waya unaopita darini, boksi la kugawia, soketi ya ukutani, kamba ya simu na simu yenyewe. Hewa ya chumvi inakula viungo vyote hivyo. Kupima ni rahisi: chomoa kwenye krone waya unaokwenda chumbani, halafu unganisha simu nzima upande wa mtambo. Ukisikia mlio, PABX imeshatimiza wajibu wake, tatizo liko mbele.

Hoteli moja ilikuwa imeshapewa bei ya mtambo mpya kwa sababu vyumba sita vya chini vilikuwa kimya. Nilifungua soketi ya kwanza, shaba ilikuwa imegeuka kijani. Nikaigusa kwa bisibisi, ikakatika kama kijiti kikavu. Nikafuata waya hadi kwenye boksi la nje, nyuma ya jiko, nikakuta maji ya mvua yametuama ndani. Boksi jipya na waya mpya vilinichukua mchana mmoja. PABX sikuigusa.

"Ikisumbua, zima uwashe."

Kwa mtambo wa zamani, jambo hili lisifanywe na mtu wa mapokezi saa tatu usiku. Mitambo mingi huweka namba za vyumba na ruhusa za kupiga nje kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya ubaoni umeme ukikatika. Betri ikichoka hutajua, mpaka siku uliyozima. Kwenye kadi kuu ya KX-TDA kuna kitufe cha kuwasha upya, na karibu nacho swichi ndogo. Swichi ikiwa upande wa kufuta, ukibonyeza kitufe mtambo unarudi ulivyotoka kiwandani. Nakili programu kwenye laptopu kwanza. Ukishaingia humo, badilisha pia neno la siri la kiwandani. Limeandikwa kwenye mwongozo unaopatikana mtandaoni, na wezi wanaopiga simu za kimataifa kwa bili yako wanalifahamu.

"Dawa ni kung'oa vyote uweke simu za intaneti."

Unaweza kuhama polepole. Kuna vifaa vya geitiwei vinavyoziruhusu simu za zamani za vyumbani, na waya zake zilezile, kufanya kazi chini ya mtambo mpya. Uliza mapema mambo mawili tu: taa ya ujumbe kwenye simu itaendelea kuwaka? Na programu ya mapokezi inayofungua simu mgeni anapoingia na kuifunga anapoondoka, itaelewana na mtambo huo?

"Wageni wana simu za mkononi, za nini hizi?"

Desemba 2013, katika moteli moja mjini Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911, namba ya dharura ya huko, mara nne kwa simu ya chumbani kama alivyofundishwa. Haikutoka, kwa sababu mtambo ulidai utangulize 9 ili kupata laini ya nje. Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Kari mwaka 2018, ikaanza kutumika 2020 kwa mitambo mipya. Mitambo ya zamani haikuguswa.

PABX nyingi za huku nazo zinadai namba ya kutanguliza. Kwa hiyo fundi wako akija, mwambie apange namba ya dharura 112 itoke moja kwa moja kutoka kila chumba, na 999 pia kama uko Kenya, kisha mpige pamoja kuhakikisha, mkiwa mmewajulisha polisi kwamba ni majaribio.

Hoteli moja ninayoihudumia, wahudumu wa vyumba wakimaliza kutandika kitanda huinua mkono wa simu, husikiliza mlio, huurudisha. Ukikosekana, namba ya chumba inaandikwa kwenye daftari lililofungwa kwa kamba pale mapokezi, na mimi nikifika huanza na daftari hilo.