Gigi ya panki si tamasha

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tanga, Jumapili asubuhi kama kawaida yake. Baada ya salamu akauliza, “Kaka, tamasha lilikuwaje?” Nikamwambia bendi yetu ilipiga vizuri sana. “Watu wangapi?” Nikasema 35. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Pole, kaka.”

Alikuwa ananipa pole ya usiku ambao nilirudi nyumbani kwa furaha hadi usingizi ukanikimbia. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na neno tamasha, maana ndilo lililompotosha, na si yeye wa kwanza. Watanzania wenzangu hapa Leeds, Uingereza, nao hulitumia, kwa nia njema kabisa, na kila mara naona wamekwisha kupima kitu kwa kipimo kisicho chake.

Maana kwanza, kwa haraka. Panki kwa wengi wetu ni mtindo wa kunyoa. Mimi nasema muziki: gitaa, besi, dramu na sauti ya kupaza, nyimbo fupi za mwendo wa kasi, muziki uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Gigi ni bendi kupiga usiku mmoja mbele ya watu. Wanamuziki wa jazi wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hilo tangu miaka ya 1920 kwa kazi ya usiku mmoja. Siku hizi Nairobi gigi ni kibarua cha aina yoyote, na hilo halinisumbui. Kwa hiyo gigi ya panki ni bendi tatu au nne, chumba kidogo, kiingilio cha chini. Basi.

Sasa tamasha. Mzizi wake wa Kiarabu ni kutembea, na umbo lenyewe lilihusu watu kutembea pamoja. Waajemi wakalichukua likawa kutoka kwenda kutazama, kisha likawa kile chenyewe kinachotazamwa. Lilifika hadi India, ambako Wamarathi wanauita hivyo mchezo wao wa jadi wa kuigiza na kuimba. Kwetu pia limeshika maana ya kutazama. Mtu huenda kuangalia tamasha. Ukilitamka tu umeshawagawa watu makundi mawili, wanaotazamwa juu jukwaani na wanaotazama chini, uzio katikati. Ile sehemu ya kutembea pamoja ilidondoka njiani, nayo ndiyo ningeihitaji.

Wala silitukani neno. Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Zanzibar, ni tamasha, na zuri. Hata panki wana tamasha lao: Rebellion, Blackpool, ambako bendi nyingi hukutana kwa siku kadhaa kila Agosti katika kumbi za Winter Gardens. Huko kuuliza idadi ya watu ni haki.

Lakini kwa kile ninachokifanya Jumamosi, Kiswahili kina neno tangu zamani. Ngoma. Ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, ni wimbo, kama wasemavyo vijana wa bongo fleva wakitoa ngoma mpya, na ni shughuli yenyewe: leo kuna ngoma kwa kina fulani. Anayekwenda ngomani haendi kutazama. Ataitikia, atapiga makofi, ataingia uwanjani, atatuza, atamshika mkono aliyechoka. Angalia vyama vya beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, vya enzi za wakoloni, Marini na Arinoti: wanachama walichanga, wakashona sare, wakapanga, wakacheza wenyewe. Bibi zetu wa Tanga wangemwelewa mpiga panki upesi kuliko anavyomwelewa mwenye kuuza tiketi za kujaza kiwanja cha mpira.

Usiku ule wa watu 35 ulikuwa hivi. Chumba cha juu ya baa. Jukwaa hakuna, kuna zulia kuukuu lililotandikwa ili dramu zisiteleze. Seti ya dramu ni moja kwa bendi zote. Kila mpigaji huja tu na vile vinavyovunjika upesi, matoazi yake, ile dramu ndogo inayokaa kati ya magoti, na kanyagio la dramu kubwa. Spika nzito huletwa na bendi ya karibu, ili waliotoka mbali wapande treni na magitaa yao tu. Mlangoni kuna meza, kopo la biskuti la kutilia pesa, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: pauni 6, usipokuwa nazo toa ulicho nacho. Aliyekuwa analinda kopo ni mwimbaji wa bendi ya mwisho. Zamu yake ilipofika akaniachia mimi, nimemaliza kupiga, mikono bado inatetemeka, nikawa nagonga watu mihuri kwenye viganja. Jikoni kulikuwa na sufuria ya maharage ya bendi za safari. Wawili kati yao walilala sebuleni kwangu.

Katika wimbo wetu wa tatu waya wa besi yangu ulikufa. Dramu ikaendelea peke yake, watu wakashika kibwagizo, na binti mmoja wa mstari wa mbele akainama, akafungua begi lake, akanichomekea waya wake. Alikuwa mpiga besi wa bendi inayofuata. Nusu saa baadaye yeye yuko kwenye zulia na mimi niko pale alipokuwa amesimama, napaza sauti hadi koo linawaka. Sasa niambie, katika sisi wawili nani alikuwa mtazamaji?

Na panki ilianza hivyohivyo. Tarehe 4 Juni 1976 vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, waliwaleta Sex Pistols, bendi ya panki ya London, mjini Manchester, katika ukumbi uitwao Lesser Free Trade Hall. Waliokuja walikuwa makumi machache. Kwa hesabu ya tamasha, pole. Lakini kijana aitwaye Peter Hook alikuwemo, na kesho yake akaenda kununua besi; yeye na rafiki yake Bernard Sumner ndio walioanzisha bendi iliyokuja kuitwa Joy Division. Waandaaji nao walikuwa na bendi yao, Buzzcocks, ambayo usiku ule haikuwa tayari. Mwezi uliofuata ikapiga mlemle. Mwezi huohuo wa Julai, kwenye gati la Hastings, binti aliyekuwa anatimiza miaka 19, baba yake Msomali, aliwaona Sex Pistols haohao. Akatafuta wenzake kwa tangazo gazetini, akajiita Poly Styrene, akawa mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex. Nasikia fahari kila ninapomtaja, Mwafrika Mashariki mwenzetu kwa upande wa baba, pale pale mwanzoni.

Ngoma ina adabu yake pia, na wanaoona watu wakirukaruka na kugongana mbele ya bendi hudhani ni fujo. Mtu akianguka, mikono minne inamwinua kabla hajafika sakafuni. Fugazi, bendi ya Washington, waliojulikana kwa kiingilio cha dola 5 na kwa kuruhusu watu wa rika zote, walikuwa wakisimamisha wimbo mtu akianza kuwaumiza wenzake. Walimrudishia dola zake 5 na kumtoa nje. Mzee wa ngoma angefanya vivyo hivyo kwa mlevi anayeharibu duara.

Yote haya nilimweleza mdogo wangu, akasikiliza kwa subira. “Kwa hiyo nisemeje?” Nikamwambia aulize ngoma ilikuwaje, na akitaka hesabu, aulize wangapi kati ya waliokuja wana bendi zao.

Jumapili iliyopita akapiga tena. “Kaka, ngoma ilikuwaje?”

Nzuri sana, nikamwambia. Tulikuwa 22.

“Na wenye bendi?”

Tisa.