Panya 40, mistari 520: kuchambua uzito wa kila wiki katika majaribio ya sumu

Jaribio la siku 90 linalofuata mwongozo namba 408 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) linataka angalau madume 10 na majike 10 kwa kila kundi: dozi tatu, na kundi linganishi lisilopewa kemikali. Kila panya hupimwa uzito angalau mara moja kwa wiki. Madume peke yao (kila jinsia nachambua kivyake, maana dume hukua haraka zaidi) wanatoa panya 40 mara wiki 13, yaani mistari 520 ya data. Mistari ni 520, ila panya ni wale wale 40.

Panya mzito wiki ya tatu ndiye mzito wiki ya nne. Tuseme uhusiano kati ya vipimo vya panya mmoja ni 0.9 (0 ni kutohusiana, 1 ni kwenda pamoja kabisa). Kundi la panya 10 lina vipimo 130, gawanya kwa 1 + (12 × 0.9), yaani 11.8, unabaki na 11 hivi. Katika kulinganisha wastani wa makundi, kazi yote ile ya mizani imekuongezea panya mmoja! Ukiacha programu iamini kwamba kila mstari unajitegemea, itatumia digrii za uhuru (idadi ya taarifa zinazojitegemea) zaidi ya 450 badala ya 36, na thamani-p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) itatoka ndogo mno. Kwenye kasi ya ukuaji, mara nyingi kosa hilo hilo hufanya kinyume: tofauti za panya na panya huhesabiwa kama kelele, na athari iliyopo inafichika.

Kufanya jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili) kila wiki hakuponyi. Majaribio 13 kwa kiwango cha 0.05, kama yangejitegemea, yana uwezekano wa asilimia 49 wa kutoa angalau kengele moja ya uongo. Kwa kuwa hayajitegemei unapungua, lakini hauwi 5.

Mimi hutumia modeli mchanganyiko, inayohesabu athari ya dozi pamoja na tofauti za panya na panya. Kwenye R, programu ya takwimu, kwa pakiti ya lme4:

lmer(uzito ~ uzito0 + dozi * wikiF + (wikiN | panya))

Faili iwe ndefu, kila kipimo na mstari wake. Uzito0 ni uzito wa kabla ya dozi ya kwanza. WikiF ni wiki kama kategoria, kwa sababu mkunjo wa ukuaji wa panya haunyooki. WikiN ni namba ile ile kwa ajili ya mwinamo wa kila panya, yaani kasi yake ya kukua. Dozi nayo iwe kategoria, la sivyo dozi kama 0, 50, 200 na 800 zitalazimishwa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Angalia sana safu ya panya. Maabara nyingi huhesabu 1 hadi 10 upya katika kila kundi, na R itadhani namba 1 wa dozi ya juu ni yule yule namba 1 wa kundi linganishi. Soma idadi ya panya kwenye matokeo: ukiona 10 badala ya 40, ndiyo hiyo. Weka herufi ya kundi mbele ya namba: J1, K1, na kadhalika.

Usikimbilie muundo wa uhusiano usio na masharti, ambamo kila jozi ya wiki ina uhusiano wake. Wiki 13 zinadai vigezo 91, na panya 40 hawawezi kuubeba mzigo huo. Digrii za uhuru zirekebishwe kwa njia ya Kenward na Roger, inayofaa sampuli ndogo, kisha linganisha kila dozi na kundi linganishi kwa jaribio la Dunnett, linalozuia kengele za uongo katika ulinganisho mwingi, katika wiki ulizozitaja kabla ya kuona data, mfano ya 4, ya 8 na ya 13.

Vifo vinadanganya. Chukua dozi ya juu yenye panya wanane wa gramu 300 na wawili dhaifu, 210 na 220: wastani ni 283. Wale wawili wakifa, wastani unaruka hadi 300 bila panya yeyote kuongezeka hata gramu moja. Modeli hutumia vipimo vyao vya awali kurekebisha hilo, mradi uzito wao ulishaonyesha dalili. Kifo cha ghafla cha panya aliyekuwa akinenepa kinataka maelezo ya mtaalamu wa patholojia; modeli haina la kusema.

Chakula ni suala jingine. Panya wakikaa wawili wawili, kinachopimwa ni chakula cha kizimba, hivyo kila kundi la jinsia moja lina vipimo huru vitano tu. Kugawa kwa mbili na kuandika namba ile ile kwa kila panya ni kujitengenezea data.

Na uzito wa siku ya upasuaji usiuunganishe na mfululizo wa kila wiki: kwa kawaida panya hao wamelala bila chakula, na mkunjo utaporomoka mwishoni kwa makundi yote.